Gari la Isikizya

Gari la Isikizya halikuja, na Levina ndiye aliyeanza kulishuku. Kosta ya Mzee Twalibu ilikuwa na ekzosi mbovu, na mtu aliyezoea kuingoja husikia inavyokohoa kabla hajaiona. Asubuhi hiyo, kituoni Kiloleni, alitega sikio mpaka shingo ikamuuma. Alisikia jogoo, akasikia adhana imekwisha na watu wanafagia, akasikia mabasi ya Mwanza yakipita kwa kishindo na vioo vyao vyeusi. Mabasi hayo hayasimami kwa abiria wa karibu. Yanakutimulia vumbi tu, kisha yanakwenda zake.

"Mpigie tena," alimwambia Xavery, karani wa masjala ya halmashauri, ambaye kila siku walikuwa wakisafiri pamoja.

Xavery alipiga, akaiweka simu wazi ili kila mtu asikie.

"Nipo njiani, jamani," sauti ya Twalibu ilisema, nzito, ya mtu aliyekunywa chai yake akashiba. "Vuteni subira. Nipo njiani."

Wakavuta subira. Nani angebishana naye? Zamani ruti hiyo ilikuwa na Hiace mbili za vijana, zinakwenda na kurudi kutwa nzima. Twalibu akala njama na wakubwa wa stendi, Hiace zikahamishiwa kwingine, na tangu hapo kwenda Isikizya asubuhi kukawa ni kwa hisani yake. Akitaka anakuja. Gari lisipojaa anakuzungusha mtaa kwa mtaa kutafuta vichwa. Akipata wa kumkodi, basi, nyinyi si watu tena.

Mwendesha bodaboda mmoja ndiye aliyewafungua macho. "Mnangoja Kosta ya Twalibu? Nimepishana nayo. Imepambwa maputo, imebeba matarumbeta, inakwenda Sikonge kuchukua bibi harusi."

Mama mmoja alicheka, kicheko cha uchungu. Xavery alifyonza, akaangalia saa, lakini hakutishika sana. Yeye ana ajira ya kudumu. Akichelewa mwenzake atamsainia daftari la mahudhurio na maisha yataendelea. Levina alikuwa kibarua. Kazi yake ilikuwa kuwasha moto, kupika chai na chapati kwenye mgahawa wa Bi Magreth pale makao makuu ya wilaya, na Bi Magreth alikwisha kumwambia mara nyingi kwamba mpishi anayefika baada ya walaji hana faida. Na siku hiyohiyo kulikuwa na wageni kutoka Dodoma.

Hilari, mume wake, fundi ujenzi, alikuwa ameanguka kwenye jukwaa akiwa kazini na sasa alikaa nyumbani na mguu wake kwenye kigoda. Mama mkwe, Bertila, alikuwa mzee. Chungu cha nyumba ile kilikuwa kikichemka kwa moto wa Isikizya.

Levina alisimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono yote miwili. Lori la matofali likafunga breki.

"Unataka kufa, mama?"

"Nataka kufika, baba. Nipandishe."

*

Alifika amekuwa mwekundu kuanzia nywele mpaka kucha. Vumbi la matofali lilimwingia puani, mdomoni, kwenye mikunjo ya shingo. Alikimbia kutoka barabarani akijifunga aproni, akipitia nyuma ya ofisi ili asionekane, lakini wageni walikuwa wameshatoka kwenye kikao. Walisimama kivulini na soda na biskuti mkononi, na mmoja wao, mwanamume mwenye tai, aliuliza kwa upole kabisa, "Huyu naye ni wa jikoni?"

Upole ule ulimuuma Levina kuliko tusi.

Bi Magreth alitoka akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke wa haki kwa namna yake, lakini asubuhi hiyo alikuwa ameaibika mbele ya mkurugenzi na alihitaji mtu wa kumtupia aibu hiyo.

"Usikanyage jikoni kwangu," alisema.

"Bi Magreth, gari..."

"Kila siku gari! Wageni wangu wanakunywa soda asubuhi kama watoto wa sherehe, wewe unaniletea habari za gari. Wenzako wanafikaje?"

"Wenzangu nimewaacha kituoni, bado wamesimama."

"Basi rudi ukasimame nao. Nipe aproni."

Levina aliivua. Kamba ilikuwa imekaza mgongoni, ikabidi msichana mmoja, aliyeitwa kuja kubeba kreti za soda, amsaidie kufungua fundo. Msichana yule alikaa Isikizya hapohapo, nyuma ya zahanati. Bi Magreth aliichukua aproni, akaikung'uta mara mbili, akamvalisha msichana. Yote hayo yalifanyika mbele ya wageni. Yule mwenye tai aligeuka akajifanya anasoma tangazo ukutani.

*

"Mwombe Twalibu," Hilari alisema jioni. "Yeye ni mtu mzima. Ampigie Magreth aseme kosa lilikuwa lake. Neno moja tu. Magreth ni mwelewa, hasira zikishuka atakurudisha."

"Na asipokubali?"

"Atakataaje kusema kweli? Kusema hakuli mafuta ya gari."

Ndivyo Levina alivyokwenda mtaa wa Gongoni, amejifunga khanga vizuri, amepakaa mafuta miguu. Twalibu alikuwa barazani kwake na marafiki zake, wanakunywa kahawa. Ukoo wake ulikuwa wa watu wa Pwani, Wazaramo waliokuja na misafara enzi hizo za pembe na shanga, wakapenda mahali wakabaki. Mama yake, Bibi Maua, alikuwa ndani; kikohozi chake kilisikika dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mtani wangu."

Levina aliiona njia katika neno hilo akaifurahia. Wanyamwezi, kabila lake, na watu wa Pwani ni watani tangu njia ya misafara. Huzikana, hupikiana misibani, na hutukanana bila kununa. Akaeleza shida yake yote akiwa amepiga magoti kwenye ukingo wa baraza. Hakulaumu. Hakutaja matarumbeta wala maputo. Aliomba neno moja tu.

Twalibu alimsikiliza akizungusha kikombe. Alipomaliza akawageukia marafiki zake.

"Mnamsikia? Babu zake walibeba pembe za ndovu kichwani, kutoka hapa mpaka Bagamoyo, kwa miguu! Leo mjukuu anashindwa kufika Isikizya na bakuli la unga. Wanyamwezi wa siku hizi wameharibika, wallahi."

Baraza ilipasuka kwa kicheko. Mzee mmoja alimwaga kahawa kwenye kanzu.

"Mzee, kazi ndiyo inaondoka," Levina alisema.

"Ah, mtani! Mimi Twalibu nimpigie simu mama ntilie nimwombe radhi? Gari ni langu, nikitaka nalilaza. Ukiona nakuchelewesha, nunua lako." Akacheka tena, akamtupia noti ndogo. "Haya, kanywe soda. Usinune, eti. Mtani hanuni."

Hapo ndipo alipomshika pabaya. Angemtukana bila kicheko, Levina angejibu. Angempiga, angelia na majirani wangemtetea. Lakini utani una adabu yake: anayenuna ndiye mwenye kosa, na anaweza kutozwa mbuzi. Levina aliinuka na tabasamu ambalo lilimkwangua uso, akaiacha noti palepale sakafuni, akaenda zake. Nyuma yake walikuwa bado wanacheka.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Alipotwanga, alimtwanga Twalibu. Alipopasua kuni, alimpasua Twalibu. Aliwaza kutoboa matairi, akawaza mchanga kwenye tangi la mafuta, na kila alichokiwaza Hilari alikiona usoni mwake.

"Watakufunga, Levina. Nani atanipa maji?"

"Sijafanya kitu."

"Unafikiria kwa sauti."

Nyumbani walianza kula mlo mmoja, na mlo huo ulikuwa matobolwa, viazi vikavu vya kuchemsha. Bertila alikula bila kusema neno, akimtazama mkwewe kwa jicho la mtu anayeona moshi na hajui unatokea wapi.

*

Bibi Maua alifariki alfajiri ya Ijumaa. Habari ilipofika, Bertila alijifunga khanga nyeusi, akasema, "Twendeni. Yule alikuwa mtani wangu wa kweli. Aliponizikia mume wangu alijilaza kaburini akasema hatoki mpaka apewe kuku."

Wakaenda, na watani wengine wa mtaa wakaenda. Wakafanya kama inavyotakiwa: wakateka maji, wakachambua mchele, wakakoka moto uani. Na katikati ya kazi wakaanza vituko. Mama mmoja alivaa buibui la marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akiwakaripia wajukuu. Waliokuwa wanalia wakacheka huku wanalia. Levina naye alicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kweli, maana Bibi Maua hakuwahi kumkosea.

Bibi alikuwa ameusia azikwe shambani kwao, njia ileile ya kwenda Isikizya, mbele kidogo ya mji huo wa maofisi. Baada ya swala ya Ijumaa akaswaliwa, jeneza likapakiwa kwenye Kosta, waombolezaji wakajazana humo, na wengine wakachukua kila bodaboda ya mtaa. Twalibu alirudi uani mara moja kuchukua mkeka wa kutandika. Ni mwana wa pekee wa mama yake. Yeye ndiye wa kuingia kaburini kumpokea.

Levina alimwona anaingia, na mwili wake ukajua la kufanya kabla ya kichwa.

"Watani!" alipiga kelele. "Mfiwa huyo! Anatoroka bila kujikomboa!"

Wanawake wakaitikia kwa vigelegele na vishindo vya sinia. Wakamzingira. Levina alivua khanga yake ya juu, akamzungushia kiunoni na mikononi, akamfunga kwenye nguzo ya ukumbi fundo juu ya fundo. Twalibu alicheka. Jambo hilo ni la kawaida. Mfiwa hushikwa, hutoa chochote, huachiwa.

"Mbona mwaniaibisha? Haya, mfukoni mwangu kuna fedha, chukueni."

Levina aliingiza mkono mfukoni mwake, akatoa simu. Noti aliziacha.

Sadiki, dereva, alitokea mlangoni. "Bosi, watu wameshapanda. Shekhe anasema jua linakwenda."

"Tangulieni," Levina alidakia. "Anakuja huyu."

Sadiki alimtazama bosi wake. Bosi akatikisa kichwa akicheka, "Nendeni, nendeni, nitawakuta. Siwawezi hawa." Ekzosi ikakohoa. Kosta ikaondoka, na kikohozi chake kikafifia kuelekea kaskazini.

"Haya, mtani," Twalibu alisema. "Sema bei yako."

"Mpigie Bi Magreth."

"Nani?"

"Bi Magreth wa Isikizya. Mama ntilie. Mwambie siku ile kosa lilikuwa lako."

Twalibu alitazama huku na huku, akitafuta wa kucheka naye. Wanawake walikuwa bado wanagonga sinia. Akakubali, nani angekataa jambo dogo hivyo? Levina alipiga, akamshikia simu mdomoni, sauti wazi. Akasema yote: gari lilikodiwa, watu aliwaambia yupo njiani na hakuwa njiani, mama huyu hana kosa. Alisema vizuri, bila kuficha kitu.

Upande wa pili Bi Magreth akasema, "Mzee, pole kwa msiba. Lakini umechelewa. Yule msichana nimeshampa kazi moja kwa moja, na anakaa hapahapa, hana shida ya gari. Ungenipigia juma lile ningemrudisha Levina, Mungu ananiona. Nilikuwa nangoja hata mtu mmoja aniambie."

Simu ikakatika. Sinia nazo zikanyamaza, moja baada ya nyingine.

"Umesikia mwenyewe," Twalibu alisema. "Nimelipa. Nifungue."

Levina alivuta kigoda akakaa mbele yake.

"Mtani, nifungue. Mama ananingoja."

"Nami nilikungoja," Levina alisema. "Tukae kidogo."

"Utani una mpaka."

"Nani amekwambia huu ni utani?"

Wanawake waliokuwa wamemzingira wakarudi nyuma hatua. Neno hilo halisemwi. Akishalisema, mtani hana kinga tena: anaweza kutozwa, anaweza kufukuzwa msibani, anaweza hata kupigwa na asitetewe. Levina alilijua hilo. Alilisema kwa sababu alikuwa amechoka kuchekwa, na alitaka mtu huyu ajue kwamba anachukiwa kwelikweli.

"Siku nilipokuja kukupigia magoti sikuwa nakutania," alisema. "Kazi yangu haikuwa utani. Mguu wa mume wangu si utani. Tuliosimama pale kituoni miaka yote hii, mmoja alikosa mtihani, mmoja alimkuta mtoto ameshafia zahanati, ukatuambia upo njiani. Ulikuwa unacheka. Cheka sasa."

Twalibu alivuta mikono, fundo likakaza. Akavuta tena, kwa nguvu, na macho yakamtoka. Angeweza kupiga kelele kuwaita jamaa zake, lakini wote walikuwa kwenye gari lake. Mke wake alikuja mlangoni, akamtazama Levina, akamtazama mumewe, akajifunika uso kwa mtandio akarudi ndani.

Simu ikalia mkononi mwa Levina. Ilikuwa ya shekhe.

"Twalibu? Tumeshafika, kaburi liko tayari. Uko wapi?"

"Ni mimi mtani, shekhe," Levina alijibu, bila kumwondolea macho. "Yupo njiani."

Twalibu akalia. Hakulia kama mfiwa, kwa heshima na leso. Alilia mdomo wazi, kamasi ikimshuka kwenye masharubu. "Mama yangu, Levina! Atazikwa na watu baki! Nakuomba. Nakuomba, dada yangu, nitalala chini utembee juu yangu."

Levina alikuwa ametamani kuyasikia maneno hayo. Aliyasikia, yakamwingia mwilini kama uji wa moto kwa mtu mwenye njaa, na hakuinuka. Simu ikalia tena, akaiacha iite.

Bertila ndiye aliyenyanyuka. Mikono yake ilikuwa na unga wa mchele. Alimpita mkwewe, akainama penye nguzo na kuanza kufungua, akitumia meno pale fundo lilipokataa. Alipomaliza, akamwambia Twalibu, "Kimbia, mwanangu."

*

Twalibu alikimbia peku mpaka barabarani, na majirani walimwona. Bodaboda hakuna, zote zilikuwa zimebeba waombolezaji wake. Akasimama kituoni Kiloleni akinyoosha mkono. Basi la Mwanza likampita, kanzu ikapeperuka. Lori likampita. Mwenye baiskeli alimsogeza mpaka relini, akamwacha. Waliomwona walisema alikuwa anazungumza peke yake.

Kosta ilirudi jua likiwa limelala juu ya miembe ya Gongoni. Sadiki alishuka, akaja uani kuomba maji. Aliyamaliza yote kabla ya kusema.

"Tulimngoja," alisema. "Tulingoja mpaka shekhe akasema maiti hangoji kiasi hicho. Nikaingia kaburini mimi. Mimi, dereva. Tumemaliza dua, watu wanakung'uta mikono, ndipo akatokea kwa miguu. Akauliza, mbona hamkunisubiri hata kidogo? Hakuna aliyemjibu. Akaanza kufukua kwa mikono, tukamshika."

Sadiki akarudisha kikombe. Bertila alimgeukia mkwewe. "Umevuka mpaka, Levina. Watakuja na wazee wao kudai, na sisi hatuna hata kuku."

"Waje."

"Na yule bibi, je? Alikukosea nini?"

Levina aliokota khanga yake penye nguzo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimfikiria Bibi Maua akishushwa na mikono ya dereva, akaona uchungu, na uchungu huo haukupunguza chuki hata chembe. Vyote viwili vilikaa ndani yake pamoja.

Twalibu aliingia akiwa ameshikwa bega na jamaa. Kanzu yake ilikuwa nyekundu kwa udongo mpaka kifuani, na kucha zake zilikuwa nyeusi. Akaketishwa kwenye mkeka. Kazi ya kumpakulia mfiwa ni ya watani, na watani wote waliangalia pembeni, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Levina akachukua sahani, akapakua wali, akaujaza, akampelekea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

Twalibu aliitazama sahani, kisha akamtazama yeye.

"Utanisamehe?" aliuliza, kwa sauti ya chini sana.

Levina aliiweka sahani mbele yake.

"Kula," alisema. "Kesho saa kumi na mbili asubuhi watu watakuwa kituoni."

Akarudi jikoni akaanza kuosha masufuria ya nyumba ile, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha.